Watatu wa Jibuti

Wapo waulizao taifa dogo huendea nini Olimpiki. Jibuti, iliyopata uhuru mwaka 1977, ilikwenda Los Angeles mwaka 1984 na wanariadha watatu, wote wa marathoni. Uteuzi wa busara: mbio hizo hazidai bwawa wala farasi. Djama Robleh akawa wa nane, Hussein Ahmed Salah wa 20.

Mwaka uliofuata, Hiroshima, Salah alitwaa Kombe la Dunia la marathoni. Seoul, 1988, alikuwa akiongoza kilometa za mwisho, akapitwa na Bordin wa Italia, kisha na Wakiihuri wa Kenya. Aliambulia shaba. Hadi Michezo ya Paris ya 2024, Jibuti haikuwa imepata medali nyingine ya Olimpiki.