Wells si Kijiji, na Saa Yake si Kongwe Kuliko Zote

Wapitao Wells, kule Somerset, wakikimbilia Glastonbury, husema ni kijiji kilichojaliwa kanisa kubwa. Wakazi hawafiki 13,000, ni kweli, lakini kisheria ni jiji, na mwaka 1974 Malkia Elizabeth II alitoa hati ya kulithibitisha. Wala kanisa kuu peke yake halimpi mtu jiji: Guildford inalo, ina watu wengi zaidi, na mpaka leo ni mji tu. Wenyeji nao wapunguze kidogo wanapojiita jiji dogo kuliko yote Uingereza; City of London ni dogo zaidi.

Dai linaloniudhi hasa ni la matao ya ndani ya kanisa: tao moja limesimama, jingine limepinduliwa juu yake, likafanana na mkasi. Eti ni pambo la juzi lililoharibu jengo la kale! Pambo gani? Kuanzia 1313 mnara wa kati uliongezwa kimo, ardhi ikatitia, kuta zikaanza kupasuka. Kati ya 1338 na 1348 mafundi wakasimamisha matao hayo pande tatu ili uzito ugawanyike. Anayeyachukia na ayaondoe, kisha asimame chini ya mnara.

Kuna na saa. Wageni huambiwa ndiyo kongwe kuliko zote duniani, na mitambo yake haijabadilishwa. Hapana. Ya Salisbury hutajwa kuwa ya 1386, hii ni ya mnamo 1390, na mitambo yake ya awali iko makumbusho ya sayansi London. Sifa ipewe uso wake: una saa 24, jua likiizunguka dunia kama walivyoamini wakati ule. Juu yake, kila robo saa, wapanda farasi hupigana, na anayeangushwa ni yuleyule siku zote. Maskini.

Ati nusu saa yatosha kumaliza Wells? Kwenye kasri la askofu, bata maji weupe huvuta kamba ya kengele kudai chakula. Hatua chache kutoka kanisani ni Vicars' Close, mtaa uliojengwa karne ya 14 kwa ajili ya waimbaji wa kwaya. Waliujenga ukiwa mwembamba upande wa juu ili uonekane mrefu kuliko ulivyo, na waimbaji bado wanaishi humo.