Setilaiti na Mizani

Kwa miaka mingi miti ya Msitu wa Ruvu Kusini, katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, imekatwa na kuchomwa mkaa kwa ajili ya majiko ya Dar es Salaam. Magogo hufunikwa kwa majani na udongo, yakaungua polepole kwa hewa haba. Kwa sababu ya uhaba huo, tanuri halitoi kaboni dayoksaidi peke yake, bali pia kaboni monoksaidi na methani. Na kilo moja ya methani, katika muda wa miaka 100, huongeza joto la dunia takriban mara 28 ya kilo moja ya kaboni dayoksaidi.

Wapo wanaodhani kwamba setilaiti zimekwisha kuimaliza kazi ya kukadiria gesi hizi. Hapana shaka vyombo hivyo vina manufaa makubwa. OCO-2, iliyorushwa na Marekani mwaka 2014, hupima mwanga wa jua unaorudishwa na ardhi. Kaboni dayoksaidi hufyonza sehemu maalumu za mwanga huo, na upungufu wake hudhihirisha kiasi cha gesi. Lakini kila kipimo chake hujumlisha eneo lenye upana wa zaidi ya kilometa moja, ilhali tanuri ni la mita chache tu. Mawingu yakitanda, hakuna kipimo. Tena kusi ikivuma hupeleka hewa ya Dar es Salaam upande wa Kibaha, na kaskazi huipeleka upande wa Kisarawe. Hivyo gesi ya magari na viwanda huchanganyika na ya matanuri.

Setilaiti, basi, hutoa jumla. Mchanganuo wa jumla hiyo hutoka ardhini, kwa mizani. Kuni kavu kilo 100 zina takriban kilo 50 za kaboni. Zikitoa mkaa kilo 20, ambao kiasi cha robo tatu yake ni kaboni, kaboni iliyobaki ni kilo 15. Kilo 35 zimetoka, nyingi zikiwa gesi na moshi. Hesabu hiyo yaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote wa Kibaha au Minaki.

Chini ya Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, mataifa wanachama hutoa taarifa za gesi zao. Taifa lisilopima matanuri yake hulazimika kutumia viwango vilivyokadiriwa kwingine, na juhudi za kijiji kilichoboresha tanuri lake hazionekani katika taarifa hiyo. Hapana budi vipimo vya ardhini vithaminiwe sawa na vya angani, na shule zilizo jirani na misitu zipewe sehemu yao katika kazi hiyo.