Darubini ya 30x60 Inayoingia Mfukoni Ni Uongo Mtupu

Kila nikifungua matangazo ya darubini za bei nafuu, zile za macho mawili, nakutana na namba zile zile: 20x50, 30x60, nyingine eti 100x180. Chini yake pameandikwa "inaona mchana na usiku". Watu wananunua, wanatazama angani mara moja, wanaona ukungu unaotetemeka, kisha darubini inaishia kwenye droo. Halafu wanasema nyota ni mambo ya wenye pesa. Si kweli! Wameuziwa namba tu.

Haya, tuanze na namba zenyewe. Ya kwanza ni ukuzaji. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Kwa hiyo 10x50 inakuza mara 10 na kila lenzi ya mbele ina upana wa milimita 50. Sasa hebu chukua rula upime ile "30x60" inayoingia kwenye mfuko wa shati. Lenzi mbili za milimita 60 zikikaa bega kwa bega ni sentimita 12, na hapo hujahesabu plastiki. Mfuko gani huo?

Sisi waandika programu tunaujua mchezo huu. Kuna wakati kompyuta ziliuzwa kwa gigahezi peke yake, mpaka mwaka 2006 Intel wenyewe walipotoa Core 2 Duo, yenye gigahezi chache kuliko Pentium 4 na kasi kubwa zaidi. Namba moja haisemi kitu bila mwenzake.

Kwenye darubini, gawanya ya pili kwa ya kwanza. 50 kwa 10 ni 5. Huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaotoka nyuma kuingia jichoni. Mboni yako mchana wa jua ina milimita 2 au 3. Gizani hufunguka hadi 5, na kwa kijana hata 7. Basi hata 30x60 ingekuwa ya kweli, ingekupa milimita 2. Mchana sawa, usiku picha inafifia. Tena ukikuza mara 30, na mtetemo wa mikono unakuzwa mara 30. Zaidi ya mara 10 unahitaji stendi ya miguu mitatu. Na hayo maneno ya "kuona usiku"? Kioo hakitengenezi mwanga. Kinakusanya ule uliopo.

Wauzaji hujitetea kwamba mteja ndiye anayetaka namba kubwa, na kwamba rahisi ni rahisi. Mimi sigombani na urahisi. Darubini ya bei ndogo ikiwa na kioo cha kawaida, au picha inayolegea pembeni, hiyo ni biashara halali. Umelipa kidogo, umepata kidogo. Lakini kuandika 60 kwenye lenzi ya milimita 25 si urahisi, ni udanganyifu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inayokataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Namba ya kwenye darubini ni maelezo kama mengine.

Ukifika dukani, fanya hivi kabla ya kutoa pesa:

1. Ishike mbali na uso, ielekeze kwenye mwanga (si kwenye jua!), utazame lenzi za nyuma. Utaona viduara viwili vyenye mwanga. Viwe mviringo na vilingane. Vikiwa na pembe zilizokatwa, mwanga unapotea ndani.

2. Tazama antena iliyo mbali. Ukiona antena mbili, mapipa yake hayajanyooka na kichwa kitakuuma. Rudisha.

3. Lenzi nyekundu kama nyanya ziache. Rangi ile inarudisha nje mwanga mwekundu, unabaki na picha ya kijani iliyofifia.

4. Ile yenye kitufe cha kubadilisha ukuzaji iache pia. Kwa bei ndogo huwa na eneo dogo la kuona na vioo vingi vya kuharibika.

Chaguo langu? 8x42 kama unapenda ndege zaidi, kwa sababu ni nyepesi na inatulia mkononi. 10x50 kama unapenda nyota zaidi, na mchana itakufaa vilevile. Pete za Zohali hutaziona, tusidanganyane. Lakini ukiegemea ukuta utaona miezi minne ya Mshtarii, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Kilimia, ambacho kwa macho ni nyota sita au saba, kitakuwa makumi. Na kati ya Aprili na Juni, jioni, tafuta Omega Centauri upande wa kusini: mamilioni ya nyota kama pamba iliyovingirishwa. Watu wengi wa Ulaya hawawezi kuiona kwao. Sisi tunaishi kwenye ikweta, tuna anga la kusini na la kaskazini, halafu tunazuiwa na kibandiko cha uongo?

Jua usilitazame kamwe kwa darubini, hata sekunde moja, utapofuka.

Muuzaji akikuuliza unataka inayokuza mara ngapi, mwambie kumi zinatosha. Kisha toa rula.