Anza na Mbegu, Siyo Mmea Mkubwa

Jamani, mmea unaokula nzi unavutia, sikatai. Ila hii haraka ya kutaka mmea mkubwa leo leo, ili kesho upigwe picha kwenye dirisha la hosteli, siiungi mkono. Anzeni na mbegu.

Sababu ya kwanza iko porini. Dionaea, ule wenye mtego wa meno, kwa asili huota North Carolina na South Carolina tu, huko Marekani. Umeibwa sana, mpaka mwaka 2014 North Carolina ikafanya kuung'oa kwenye ardhi ya mtu bila idhini kuwa kosa kubwa la jinai. Ukinunua mmea mkubwa bila kuuliza ulikotoka, huenda unamlipa mwizi.

Ya pili ni mfuko. Drosera capensis ya Afrika Kusini, yenye majani ya kunata, hutoa mbegu nyingi, laini kama vumbi. Zinyunyize juu ya piti, yaani mabaki ya mimea ya kinamasi, iliyochanganywa na mchanga uliooshwa. Usizifukie, zinataka mwanga. Chungu kikae kwenye sahani ya maji ya mvua. Ya bomba mara nyingi yana chumvichumvi zinazoua. Mbolea hapana! Mmea huu umezoea udongo fukara, ndiyo maana unawinda.

Utasubiri miezi, ndiyo. Lakini utaujua mmea wako tangu ukiwa kama kichwa cha pini, na hakuna kinamasi kitakachobaki na shimo kwa ajili yako.