HIJRA ILIKUWA NA BAJETI: USIOMBE KANADA KWA FEDHA ZA KUAZIMA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Vijana wetu wengi wenye fani zao, wauguzi, wahasibu, mafundi, watu wa kompyuta, wanaomba ukaazi wa kudumu Kanada kupitia mfumo wa Express Entry. Kutafuta rizki katika ardhi ya Allah si aibu, maadamu unajua utailinda dini yako na ya watoto wako. Lakini kuna jambo limezoeleka mpaka watu wanalisema bila haya: "Fedha za kuonyesha nitaazima. Zikae benki, nipate barua, kisha nizirudishe."

Nasema waziwazi: hilo halijuzu. Na anayekuambia "hayo ni makaratasi tu" hakutakii kheri.

Sikiliza sharti lenyewe. Mwombaji anatakiwa athibitishe kuwa ana fedha za kuanzia maisha, isipokuwa aliyealikwa kwa uzoefu wa kazi alioupata Kanada kwenyewe, au mwenye kibali cha kufanya kazi huko pamoja na ahadi halali ya ajira. Kwa kiwango kilichotoka Julai 2025, familia ya watu wanne iwe na dola za Kanada 28,362. Usidhani utapunguza hesabu kwa kusema utatangulia peke yako: mke na watoto wanahesabiwa hata kama hawasafiri nawe. Fedha hizo hulipi serikalini, ni zako. Lakini lazima ziwe zako kweli, na wameandika bayana kwamba hairuhusiwi kuziazima kwa mtu. Barua ya benki hutaja wastani wa salio la miezi 6 iliyopita, na hutaja madeni yako pia.

Basi unapopeleka barua ile unatoa ushahidi: "Hii ni mali yangu." Kama ni mali ya shemeji yako, umeshuhudia uongo. Kwamba unayemdanganya si Muislamu hakubadilishi hukumu. Na hapa hapa duniani, wakikugundua, sheria yao inakufungia mlango kwa miaka 5.

Utasikia mtu akisema: "Sheikh, Maswahaba walihama mikono mitupu, sisi tumtegemee Allah." Ni kweli wapo walioacha mali zao zote Makka. Lakini itazame safari ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Abubakar (r.a.) aliwaandaa ngamia wawili na kuwalisha miezi minne kabla ya safari. Alipomtolea Mtume mmoja wao, Mtume alikubali kwa sharti la kumlipa thamani yake. Wakamkodi Abdullah bin Urayqit awaongoze njia. Asmaa (r.a.) akafunga chakula cha safari. Na Ali (r.a.) akaachwa Makka azirudishe amana za watu, na wenye amana hizo ni watu wa mji ule ule uliotaka kumuua Mtume!

Usafiri, mwongozaji, chakula, amana za watu: kila kitu kilipangwa. Hijra ilikuwa na bajeti, na ndani ya bajeti ile hakuna mtu aliyedhulumiwa. Tawakkul ilikuja juu ya maandalizi. Haikuchukua nafasi yake.

Sasa chukua kalamu, ndugu yangu. Igawe bajeti yako mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni fedha unazoweza kuzipoteza. Mtihani wa lugha kama IELTS, na tathmini ya vyeti vyako vya elimu. Hizi unalipa kabla hujajua kama utaalikwa. Majibu ya mtihani hudumu miaka 2 tu, tathmini miaka 5. Kwa hiyo usikimbilie kufanya mtihani leo ilhali fedha nyingine utazipata baada ya miaka mitatu. Kujisajili kwenye mfumo wenyewe ni bure. Wakala anayekutoza "ada ya serikali ya kuingiza jina" anakuibia.

Fungu la pili ni ada baada ya mwaliko. Kwa viwango vilivyoanza 30 Aprili 2024, kila mtu mzima ni dola 1,525, yaani 950 za kushughulikia maombi na 575 za haki ya ukaazi. Kila mtoto ni 260. Alama za vidole ni 85 kwa mtu mmoja, na familia inayoomba pamoja hailipi zaidi ya 170. Baba, mama na watoto wawili: dola 3,740. Ongeza vipimo vya afya, hati za polisi, tafsiri za vyeti na nauli za kufuatilia hayo yote. Ukikataliwa, zile 575 hurudishwa. Zile 950 hazirudi wakishaanza kulishughulikia faili lako. Ada hizi hupandishwa kila baada ya miaka miwili, basi hakikisha kiwango kwenye tovuti ya serikali yao siku unayolipa. Na ukialikwa una siku 60 tu. Asiyejiandaa ndiye anayekimbilia mkopo wa riba usiku wa siku ya 59.

Fungu la tatu ni fedha za kuonyesha. Usiziguse kulipia mafungu mawili ya kwanza.

Kisha kuna haki za watu, ambazo wengi hawaziandiki kabisa. Dhahabu ya mkeo ni mali ya mkeo. Huuzi bangili yake kwa kumnunia wiki nzima mpaka akubali. Mahari uliyobakiza ni deni. Chakula na ada ya shule ya watoto havisimami kwa sababu baba "anajichanga kwenda Kanada". Na ukoo ukikuchangia, ulizeni siku hiyo hiyo: hii ni hiba au ni mkopo? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni. Baba akikupa hiba ya kweli, bila kuidai tena, imekuwa mali yako, iandikeni. Akisema "utanirudishia ukifika", huo ni mkopo hata mkiuita zawadi.

Wala usisahau zaka. Fedha ulizoweka, zikifikia nisabu, thamani ya gramu 85 za dhahabu, na zikapitiwa na mwaka, zina zaka japo umeziwekea nia ya safari. Katika dola 28,362, zaka ni kama 709. Iweke kwenye hesabu tangu mwanzo, ili ukishaitoa salio lako lisishuke chini ya kiwango.

Utauliza: "Basi maskini asisafiri?" Asafiri! Lakini akusanye kwanza, au atafute njia ya mwajiri anayemwita kihalali. Kusubiri miaka miwili ukiwa na faili safi ni bora kuliko kufika na familia yako katika nchi ya baridi, mfukoni huna kitu kwa sababu zile fedha zilisharudi kwa mwenyewe. Sharti lile limewekwa ili watoto wako wasilale njaa mwezi wa kwanza. Ukilidanganya, umewadanganya wanao kabla ya kumdanganya afisa.

Allah awafungulie milango ya halali wote wenye nia njema, awalipie wenye madeni, na azitie baraka safari zetu. Aamin.

Mtumie ujumbe huu ndugu yako anayejiandaa. Wabillahi tawfiq.