Mapengo katika Kisa cha Masala Kulangwa na Haki ya Hadhira Kuyaziba

Katika Usukuma, ikiwemo sehemu ya mashariki ambayo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Simiyu wenye makao makuu yake Bariadi, ni visa vichache vilivyoenea kama kile cha Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we. Zimwi hilo lilimeza watu wote wa dunia pamoja na mifugo yao. Aliyesalia ni mwanamke mmoja mjamzito, aliyejificha katika lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto alipopata akili akauliza watu wengine wako wapi, naye akaelezwa. Ndipo alipoanza kuwinda. Akaua panzi, akaja mbio kumwambia mama kwamba amemuua Shing'weng'we, akaua ndege, akaua swala, na kila mara mama alimjibu kuwa siye. Hatimaye akalikuta zimwi lenyewe, akaliua na kulipasua, na watu wakatoka wakiwa hai, baba yake miongoni mwao. Katika kupasua huko kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa tumboni. Kikongwe akaghadhibika, akamtukana mkombozi wake na kutaka kumroga. Kijana akatafuta dawa, akamponya. Kisha watu wakampandisha katika kiti cha utemi.

Msikilizaji makini hawezi kukipokea kisa hiki bila kujikwaa. Ikiwa watu wote walimezwa, wahunzi nao walimezwa. Basi kisu kilifuliwa na nani? Waganga nao walikuwa tumboni; basi dawa ya sikio kijana alifundishwa na nani? Swali hili la pili linauma zaidi kwa kuwa limo ndani ya jina lake: masala ni akili, na kulangwa ni kufundishwa. Waliomezwa walikaa tumboni muda wa kutosha mtoto kuzaliwa na kukua hadi kushika silaha. Je, nao walizeeka? Baba aliyetoka alikuwa na umri gani mbele ya mwanawe? Na kile kiti cha utemi kilikuwa cha nani?

Jibu la mkato linalotolewa na wanazuoni wengi ni kwamba hadithi ni hadithi. Ngano haina mantiki ya gazeti, na anayeuliza umri wa mtu aliyekuwa tumboni mwa zimwi hajui anachosikiliza. Jibu hili lina sura ya hekima, lakini kwa hakika ni kukwepa kazi. Linafuta kitendo ambacho hadhira imekuwa ikikifanya tangu usimulizi uanze, nacho ni kusimama mahali palipopasuka, kutazama ndani, na kutafuta kitu cha kuziba. Makala haya yanadai kuwa uzibaji huo ni uhakiki, tena uhakiki wa kwanza ambao kisa chochote hukutana nao, na kwamba mtafiti wa fasihi simulizi anayeuacha nje ya daftari lake anarudi na nusu ya alichokiendea.

Tabia hii si ya Wasukuma peke yao, wala si ya fasihi simulizi peke yake. Popote panapokuwa na visa vinavyoendelezwa kwa miaka mingi na watungaji wanaosahau, pana hadhira inayokumbuka. Katika riwaya ya Arthur Conan Doyle ya mwaka 1887, Daktari Watson ana jeraha la risasi begani. Katika riwaya ya mwaka 1890, jeraha hilo limehamia mguuni. Mwandishi aliteleza. Wasomaji hawakukubali kuwa ni kuteleza: wapo waliosema risasi zilikuwa mbili, wapo waliosema Watson alikuwa ameinama risasi ilipompata. Ronald Knox alipoyapekua maandishi hayo katika makala yake ya mwaka 1911 huko Oxford, alikusudia kuwakejeli wanazuoni wa Biblia na mbinu zao za kulinganisha matini. Kejeli ikageuka desturi, na desturi hiyo ingali hai.

Bunilizi za kisayansi za televisheni ziliipanua desturi hiyo kupita kiasi, kwa sababu mfululizo mmoja huweza kuandikwa na makumi ya watu kwa miongo kadhaa. Mfano unaofaa zaidi hapa ni wa mfululizo wa Kimarekani wa Star Trek, ulioanza mwaka 1966. Mwaka 1967 jamii ya Waklingoni ilionyeshwa ikiwa na vipaji vya uso laini kama vya binadamu. Katika filamu ya mwaka 1979 watu wale wale walitokea wakiwa na matuta ya mfupa usoni. Sababu haikuwa siri: fedha za upambaji zilikuwa zimeongezeka. Hata hivyo mashabiki hawakuridhika na sababu ya mhasibu. Walibuni kwamba Waklingoni ni makabila mawili. Wengine wakasema kulikuwa na ugonjwa. Wengine wakasema walichanganywa damu na binadamu. Mwaka 1996 watungaji waliligusa suala hilo kwa utani: Mklingoni mmoja alipoulizwa kuhusu sura za wahenga wake, alijibu kwamba jambo hilo watu wake hawalizungumzi mbele ya wageni. Mwaka 2005 sehemu mbili nzima zilitumika kulieleza kwa virusi na majaribio ya kurithisha chembe za binadamu.

Majibu hayo mawili hayalingani. Lile la 1996 halikuziba chochote, lakini liligeuza kosa la watungaji kuwa aibu ya taifa zima, na mtazamaji akaondoka na jambo jipya la kufikiri kuhusu watu hao. Lile la 2005 liliziba pengo lote, na baada yake hapakubaki la kuuliza. Hapa panapatikana kigezo cha kutenganisha viraka. Kiraka kizuri hushonwa kwa uzi uliomo tayari ndani ya kisa na humrudisha msikilizaji kwenye sehemu nyingine za kisa kile kile akiwa na macho mapya. Kiraka kibaya huleta kitambaa kutoka nje, hufunika tundu na kumaliza mazungumzo. Wolfgang Iser wa Ujerumani alishaeleza katika miaka ya 1970 kwamba nafasi tupu katika matini humwita msomaji kazini. Kilichobaki ni kuikagua kazi yenyewe, kwani si kila aliyeitwa anafanya kazi nzuri.

Kigezo hicho kirudishwe Simiyu. Suala la kisu ni jepesi kuliko linavyoonekana. Zimwi linameza watu na mifugo. Kisa hakisemi kuwa linameza vyuma. Basi majembe, visu, vyungu na maghala vilibaki katika miji isiyo na watu. Kwa kiraka hiki kidogo, utoto wa Masala Kulangwa unabadilika. Mtoto anakulia katika dunia iliyojaa vyombo na isiyo na wa kumwonyesha matumizi yake, isipokuwa mtu mmoja. Suala la dawa linajibiwa na mtu huyo huyo. Mama ndiye aliyelijua jina la zimwi, ndiye aliyejua panzi si zimwi, ndege si zimwi, na swala si zimwi. Yeye ndiye shule. Akichukuliwa kuwa ndiye aliyemfundisha mwanawe pia majani ya porini, hapo ndipo jina Kulangwa linapopata mwalimu wake, na hapo ndipo mwisho wa kisa, ambamo mama naye hupewa heshima kubwa kwa kuwa mama wa mtemi, unapoacha kuwa pambo. Kisa kinachotangazwa kuwa cha shujaa wa kiume kumbe kimebebwa na mwanamke aliyetoka katika makapi. Uhakiki wa kijinsia ungelifikia hitimisho hilo kwa kurasa nyingi. Msikilizaji anayeulizia dawa amelifikia kwa swali moja.

Kiraka kingine kinachojulikana sana ni cha kidini. Joseph Healey na Donald Sybertz, katika kitabu chao cha mwaka 1996 kuhusu teolojia ya masimulizi ya Kiafrika, walikisoma kisa hiki sambamba na habari za Kristo aliyeshinda mauti. Usomaji huo una nguvu: watu kutoka hai tumboni si jambo geni kwa aliyesoma habari za Yona. Lakini sikio linaukwamisha. Mkombozi wa Kisukuma anamjeruhi kwa kisu chake mwenyewe mtu anayemkomboa, na mtu huyo hana shukrani. Ndiyo, dawa na uponyaji vinafuata, na atakaye ataikumbuka bustani ya Gethsemane; lakini kule aliyekata alikuwa mwanafunzi na aliyeponya alikuwa Bwana, ilhali hapa aliyekata na aliyeponya ni mmoja. Tofauti hii haipaswi kulainishwa. Ndiyo inayofanya kisa kifae kusimuliwa mbele ya watawala.

Kuhusu watawala, pengo la kiti ndilo zito kuliko yote. Kiti cha utemi hakichongwi siku ya sherehe. Kuna aliyekikalia kabla ya zimwi. Ikiwa watu wote walimezwa na wote wakatoka, mtemi wa zamani naye alitoka. Alisimama wapi kijana alipokuwa akipandishwa? Kisa kinanyamaza. Mtu anaweza kusema alikufa tumboni, na hicho ni kiraka kibaya, kwa kuwa kinavunja kauli ya kisa kwamba watu walitoka hai. Mwingine anaweza kusema kwamba mtemi aliyeshindwa kuwalinda watu wake alikuwa amekwisha kupoteza haki ya kiti, hata akitoka mzima. Kiraka hiki kinapata uzito mtu akikumbuka ngano ya pwani iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, ile ya Sultani Majnuni na nunda mla watu. Huko nako mtoto huua mnyama baada ya mnyama, na mama humjibu kuwa siye nunda. Lakini pwani imelijaza pengo la chanzo: nunda alikuwa paka wa sultani mwenyewe, aliyeachwa makusudi ale mali za watu hadi akala watu. Lawama imetajwa mwenye nayo. Usukuma umeiacha wazi, na katika eneo ambalo leo ni Bariadi, lililokuwa na watemi wake wa Ntuzu hadi utemi ulipofutwa nchini Tanganyika mwaka 1963, si rahisi kuamini kwamba ukimya huo ulitokana na usahaulifu wa msimulizi. Kumuuliza mtemi alikuwa wapi, katika shikome ambako huenda nduguye amekaa akiota moto, si swali la mantiki tu.

Pana pingamizi moja lenye haki. Kama kila dhana ya msikilizaji ni uhakiki, basi mhakiki aliyesomea kazi hiyo hana kazi. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama viraka vyote vingekuwa sawa, na imeonekana kuwa si sawa. Kazi ya mwanazuoni ni kuvipima. Lakini hawezi kupima asichokiandika. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi, aliweka wazi kwamba hadhira ni sehemu ya tukio lenyewe la utendaji. Kauli hiyo inanukuliwa katika karibu kila tasnifu, kisha katika kiambatisho cha tasnifu hiyo hiyo ngano huchapwa ikiwa imenyooka kama barua ya serikali, bila mtoto hata mmoja aliyekatiza. Swali la kisu limefutwa wakati wa kunukuu kanda, kwa maelezo kwamba ni kelele. Mtafiti anayekwenda Itilima au Meatu angefanya jambo dogo tu: aache kinasa sauti kikiendelea baada ya msimulizi kumaliza, na ayanukuu maswali na majibu yake kwa mfuatano wake, yaliyo mazuri na yaliyo dhaifu, katika ukurasa ule ule wa ngano badala ya tanbihi.