Mmebeba Upanga, Mmeacha Toroli

Waandishi wenzangu wa Babati na kwingineko, hivi mpaka lini? Nimesoma miswada ya wenzetu, na kila muuaji humo ni yule yule: koti jeusi, hana mama, hana kwao, hali wala hajikuni. Anateremka stendi usiku, anaua watu 12, anapanda basi la Singida. Basi, riwaya imekwisha. Ukiuliza, unaambiwa eti ndivyo stelingi wa Kijapani alivyo.

Sivyo! Hao wameutazama mkanda kwa jicho moja. Shogun Assassin, iliyotoka 1980, inamhusu Ogami Itto, mkata vichwa wa mtawala, aliyeuliwa mke akageuka muuaji wa kukodiwa. Lakini anatangatanga na nani? Na mwanawe mdogo, Daigoro, ndani ya toroli la mbao. Baba akianguka na majeraha, mtoto anahangaika kumletea maji. Yanavuja viganjani, basi anayabeba mdomoni. Hapo hata wapiga miluzi wa kibanda cha video hunyamaza. Damu walishaizoea.

Na anayesimulia ni huyo mtoto. Sauti yake, jamani, Wajapani hawakuiweka. Mmarekani Robert Houston alizikata filamu 2 za Kenji Misumi za mwaka 1972, akaziunga kuwa moja, akamtilia mtoto usimulizi wa Kiingereza. Ana tofauti gani na Lufufu wa Dar es Salaam, aliyezisimulia filamu za nje kwa Kiswahili na kutia chumvi yake? Lakini mabwana wasomi wakisikia usimulizi wa kibandani wanakunja pua: uhuni, siyo fasihi. Mbona Houston hawamwiti mhuni?

Simtetei mwizi wa visa. Willy Gamba naye alikuwa na bastola na vimwana, ila Musiba alimpa jambo la kupigania: ukombozi wa kusini mwa Afrika. Muuaji wako wewe anapigania nini? Nani kamlipa, na kiasi gani? (Bei ya Ogami tunaijua: vipande 500 vya dhahabu.) Matope ya Babati wakati wa mvua anayavuka na viatu gani? Mama muuza samaki wa ziwani anamwitaje? Mgeni hakai stendi yetu nusu saa bila kuulizwa katokea wapi na ni mtoto wa nani. Mwulize muuaji wako hivyo hivyo, ukurasa wa kwanza. Akikosa jibu, mswada wako usiniletee.